Kaka yuko Leicester, shemeji katoka Umra: kumchagulia chanjo ya meningokoka mtoto mwenye kinga dhaifu

Mama alikaa mbele ya meza yangu, mtoto wa miezi 5 mapajani, simu mkononi. Mtoto ana selimundu, na kipimo kimethibitisha. Kaka wa yule mama anaishi Leicester, Uingereza, naye kamwandikia kwamba mtoto achomwe MenB, chanjo ya kundi B la bakteria wa meningokoka, maana huko watoto wote wanachomwa. Shemeji yake, aliyerudi Umra majuzi, anashikilia kwamba ile waliyochomwa wao kabla ya safari ndiyo chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na hiyo inatosha. "Sista, nimsikilize nani?"

Nilimwambia wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya mahali alipo. Tangu siku ile swali hilo limenijia kwa sura nyingi: baba ambaye mwanawe aliondolewa bandama baada ya ajali ya bodaboda, bibi anayelea mjukuu mwenye VVU, mama ambaye mwanawe kaugua ugonjwa huu mara mbili na hakuna aliyemweleza kwa nini. Ninachoweka hapa ni chanjo zenyewe, bega kwa bega, ili ukienda kwa daktari wako uende na maswali yaliyonyooka.

Kwanza, tunalinganisha kwa vigezo gani

Tuondoe mkanganyiko mmoja mapema. "Homa ya uti wa mgongo" kwa midomo yetu ni jina la ugonjwa mmoja, lakini vimelea vinavyouleta ni vingi. Penta ambayo mtoto huchomwa wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga ya Hib, bakteria mmojawapo. PCV inakinga nimokoka. Hao ni wawili kati ya maadui wakubwa watatu wa bakteria kwa mtoto mdogo. Wa tatu ni meningokoka, na yeye hayumo katika ratiba ya kawaida ya mtoto wa Tanzania wala wa Kenya. Kwa hiyo mzazi anaponionyesha kadi ya kliniki iliyojaa mihuri na kusema "ya uti wa mgongo alishachomwa", nusu ya jibu ni ndiyo.

Meningokoka huishi kooni na puani kwa watu wengi bila kuwadhuru. Kati ya watu wazima 10, mmoja hivi anaweza kuwa amembeba wala hana habari. Akipenya kwenye damu, mambo hubadilika kwa saa, si kwa siku. Hata kwa matibabu mazuri, takribani mgonjwa mmoja kati ya 10 hufariki, na miongoni mwa wanaopona wapo wanaobaki viziwi, wenye kifafa au waliokatwa viungo. Ana makundi mengi, ila sita ndiyo yanayosababisha karibu maradhi yote: A, B, C, W, X na Y. Yanatofautishwa na ganda la sukari linalomfunika bakteria, na hilo ganda ndilo linaloeleza kwa nini hakuna sindano moja ya mtoto mdogo inayoziba yote sita.

Sasa vigezo. Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni hiki: kinga ya mtoto wako imetoboka wapi? "Kinga dhaifu" ni neno pana mno. Bandama ndiyo chujio la damu linalokamata bakteria wenye ganda. Mtoto wa selimundu huzaliwa nayo, lakini chembe zenye umbo la mundu huziba mishipa yake kidogo kidogo tangu miezi ya mwanzo, mpaka ifikapo miaka 5 kwa wengi imebaki jina tu. Upungufu wa komplementi ni jambo jingine kabisa. Komplementi ni protini za damu zinazotoboa ukuta wa bakteria, na meningokoka ndiye hasa anayeuawa kwa njia hiyo. Mtoto anayekosa protini za mwisho za mnyororo huo, zinazoitwa C5 hadi C9, anaweza kupambana vizuri na mafua, vidonda na hata nimonia, lakini kwa meningokoka hatari yake ni mara elfu na zaidi ya mtoto mwingine. Huyo ndiye anayeugua, anapona, kisha anaugua tena. VVU navyo vinadhoofisha seli zinazofundisha mwili kukumbuka chanjo, hivyo chanjo hufanya kazi ila kwa nguvu pungufu. Na wapo wasiotengeneza kingamwili kabisa, ambao sindano kwao ni kama kumwagia maji mwamba.

Vigezo vingine ni vyepesi kusema. Makundi gani yanazunguka mahali mtoto anapoishi au anapopelekwa? Chanjo inaruhusiwa kuanzia umri gani? Dozi ni ngapi, na inakaaje na chanjo nyingine? Inaleta maudhi gani, na inapatikana wapi?

Jambo moja halihitaji kulinganishwa: chanjo zote za meningokoka hazina bakteria hai. BCG, matone ya polio na surua-rubella ni chanjo hai, na baadhi ya watoto wenye kinga dhaifu huzuiwa kupata mojawapo. Hizi hazimo katika woga huo. Mtoto wa VVU, wa selimundu, hata anayetumia dawa za kushusha kinga, hawezi kuambukizwa ugonjwa na sindano yenyewe. Swali huwa ni kama itamsaidia vya kutosha.

ACWY iliyounganishwa na protini

*Makundi.* Inakinga manne: A, C, W na Y. Hii ndiyo "ya Makka". Mwaka 2000 kundi W lilizuka wakati wa Hija na likasafiri na mahujaji hadi nchi nyingi, na ndiyo maana Saudi Arabia hudai chanjo ya makundi manne kwa mahujaji na wa Umra kuanzia umri wa mwaka mmoja, ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Mwaka 2024 wagonjwa wa kundi W waliohusishwa na Umra walionekana tena Marekani, Uingereza na Ufaransa. Karibu na kwetu, kundi hilo hilo ndilo lililozuka Banalia, jimbo la Tshopo nchini Kongo, mwaka 2021, na watu wapatao 200 walipoteza maisha. Haikingi B wala X.

*Umri.* Hapa jina la kwenye kichupa lina maana. Menveo imepewa kibali Marekani kuanzia miezi 2. Nimenrix inatumika Ulaya kuanzia wiki 6. MenQuadfi ilikuwa ya miaka 2 na kuendelea Marekani hadi mwaka 2025, ilipofunguliwa kuanzia wiki 6. Menactra iliacha kuuzwa Marekani mwaka 2022, lakini ilisambaa sana katika kliniki za wasafiri na bado nakuta jina lake kwenye kadi. Hiyo ilikuwa na kasoro moja kwa watoto tunaowazungumzia: ikichomwa pamoja na PCV, hupunguza mwitikio wa mwili kwa baadhi ya aina za nimokoka. Kwa mtoto asiye na bandama au mwenye VVU, Marekani walielekeza isichomwe kabla ya miaka 2, tena baada ya wiki 4 tangu PCV ikamilike. Nyingine tatu hazina tatizo hilo.

*Dozi.* Mtoto mwenye afya mara nyingi humaliza na dozi moja au mbili. Mwenye kinga dhaifu ana hesabu yake. Kwa Menveo, ratiba ya Marekani ni hii: akianza miezi 2, anapata dozi nne, yaani miezi 2, 4, 6 na 12. Akianza kati ya miezi 7 na 23, anapata mbili, ya pili ikiwa miezi 3 au zaidi baada ya ya kwanza na baada ya kutimiza mwaka. Akianza miaka 2 au zaidi, anapata mbili zinazopishana kwa wiki 8 au zaidi. Kisha nyongeza: baada ya miaka 3 kama alimaliza akiwa chini ya miaka 7, halafu kila miaka 5 maadamu upungufu upo. Nyongeza ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Kinga ya mtoto aliyechomwa akiwa mchanga hushuka haraka, na mzazi huwa ameshaifunga kadi kwenye mfuko wa vyeti vya kuzaliwa.

Kama jina ulilotumia dozi ya kwanza limekosekana, dozi inayofuata inaweza kuwa ya jina jingine la ACWY linaloruhusiwa kwa umri huo. Usianze upya.

*Maudhi.* Machache: sindano kuuma, mtoto kulialia, kusinzia, homa kidogo. Lakini kuna kosa la mezani ambalo mzazi anaweza kulikamata kwa macho. Menveo ya watoto wachanga huja kwenye vichupa viwili. Kimoja kina unga wa kundi A, kingine kina maji ya C, W na Y. Muuguzi mwenye haraka anaweza kuvuta maji tu akamchoma mtoto, unga ukabaki. Omba uoneshwe vichupa vyote viwili. Mimi nikiombwa sikasiriki.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtoto katika orodha yetu: asiye na bandama, wa selimundu, wa komplementi, wa VVU. Ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu ya mahujaji. Kliniki za wasafiri na baadhi ya hospitali binafsi huwa nayo, kwa pesa yako. Uliza kwanza kama waliyonayo inafaa kwa umri wa mwanao, maana akiba ya wasafiri hununuliwa kwa kuwafikiria watu wazima.

MenB

*Makundi.* B peke yake, ingawa kuna dalili kwamba humsaidia mtoto kidogo dhidi ya W. Inafaa kujua kwa nini B ilichelewa miaka mingi nyuma ya wenzake. Ganda lake la sukari linafanana na sukari iliyo kwenye seli za neva za binadamu, hivyo mwili huliona kama ndugu na haulipigi. Wataalamu wakaacha ganda, wakatafuta protini zilizo chini yake. Bexsero ina viungo vinne vya namna hiyo, kimojawapo kikiwa kimetokana na chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya mlipuko wa New Zealand.

*Umri.* Bexsero ilipata kibali Ulaya mwaka 2013 kuanzia miezi 2. Marekani wameiruhusu kuanzia miaka 10 tu, kwa hiyo ndugu aliyeko Minnesota na ndugu aliyeko Leicester wakikupa majibu tofauti hawagombani, kila mmoja anasoma ratiba ya kwake. MenB nyingine, Trumenba, ni ya miaka 10 na kuendelea popote pale. Hizi mbili hazibadilishani: ukianza na moja, maliza nayo.

*Dozi.* Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuiweka katika ratiba ya kitaifa ya watoto wachanga, Septemba 2015: dozi mbili za uchangani na nyongeza ya mwaka mmoja. Baada ya miaka 3 wagonjwa wa B katika umri uliolengwa walikuwa wamepungua kwa asilimia 75. Mtoto anayeanza kati ya miaka 2 na 10 hupata mbili.

*Maudhi.* Hapa ndipo lazima nikae. MenB huleta homa zaidi ya chanjo nyingine, hasa ikichomwa siku moja na penta au PCV. Uingereza humpa mtoto aliye chini ya mwaka parasetamoli tangu saa ya sindano, bila kungoja homa ije. Kwa mtoto mwenye afya ni usiku mmoja wa kulialia. Kwa mtoto wa selimundu au asiye na bandama, homa haichukuliwi kirahisi hivyo. Kanuni ya watoto hawa ni kwamba joto likifika nyuzi 38.5, ni hospitali, hata kama anacheza. Sasa mtoto kachomwa saa tano asubuhi, saa tatu usiku ana 38.7. Ni chanjo, au ni bakteria ambaye angemmaliza kabla ya alfajiri? Mzazi hawezi kujua nyumbani, na mimi kwa simu siwezi kujua pia. Ushauri wangu ni wa kiutaratibu: mchome asubuhi, si Ijumaa jioni, siku ambayo mtu mzima yuko nyumbani na nauli ipo, na homa ikifika mpaka ule, nenda ukapimwe bila kuona aibu. Wapo wataalamu wanaopendelea kuichoma siku tofauti na chanjo nyingine kwa sababu hiyo hiyo. Ni safari moja zaidi, lakini kwa mtoto wa aina hii naiona ina thamani.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa komplementi popote alipo, na asiye na bandama kama inapatikana. Uingereza huwapa wote wawili. Kwa VVU peke yake, Marekani hawaielekezi kama jambo la kawaida, hata kwa vijana waliofikia umri wa kuruhusiwa. Na mahali lina neno: B ndilo kundi linalosumbua zaidi Ulaya, ilhali katika ukanda wa Afrika wa homa ya uti wa mgongo ni nadra. Huku kwetu ni ghali na haipatikani kila mahali.

Men5CV, ya makundi matano

*Makundi.* A, C, W, Y na X. Ni chanjo pekee kati ya hizi inayogusa X, kundi lililoleta mlipuko Niger mwaka 2006. Imetengenezwa na Serum Institute of India pamoja na shirika la afya PATH, jina la dukani MenFive, na WHO iliipitisha Julai 2023. Nigeria ikawa nchi ya kwanza kuitumia, mwaka 2024. Ni mrithi wa MenAfriVac, ya kundi A peke yake, iliyoanza Burkina Faso Desemba 2010 na kulifuta kundi A karibu kabisa katika ukanda ule.

*Umri na dozi.* WHO inapendekeza dozi moja kati ya miezi 9 na 18 katika nchi za ukanda. Kumbuka kwamba dozi moja ilipangwa kwa ajili ya umma mzima. Mtoto asiye na bandama aliyeipata kapata kitu kizuri, lakini daktari wake anaweza kutaka zaidi.

*Maudhi.* Ya kawaida, kama ya ACWY.

*Inamfaa nani.* Mtoto anayeishi au kuhamia ukanda unaotoka Senegal hadi Ethiopia. WHO huhesabu nchi 26, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, ila hatari haijaenea sawasawa ndani ya mipaka: kwa Kenya ni upande wa kaskazini-magharibi, Turkana na Pokot Magharibi, wala si Mombasa. Huja kupitia serikali. Kliniki ya wasafiri sipo pa kuitafutia.

Ya zamani, ya sukari tupu

*Makundi* ni A, C, W na Y kama ile ya kwanza, na ndiyo inayowachanganya watu, maana zote mbili huandikwa "makundi manne". Tofauti ni kwamba hapa sukari ya ganda haikufungwa kwenye protini. *Umri* ni miaka 2 na kuendelea. Chini ya hapo mwili hauijibu ipasavyo. *Dozi* zikirudiwa hazijengi kumbukumbu, na kwa kundi C huweza hata kupunguza mwitikio. *Maudhi* ni madogo, na bei yake huwa nafuu. *Inamfaa nani?* Msafiri mzima mwenye afya, kama hakuna nyingine; Saudi huihesabu kwa miaka 3, wakati ile ya protini huihesabu kwa 5. Kwa mtoto asiye na bandama ina hasara maradufu, kwa sababu sehemu ya bandama ndiyo hasa inayoshughulikia sukari tupu. Kwenye kadi, mwombe muuguzi aandike jina kamili, si "meningitis" tu.

Kuanza miezi 2, au kungoja?

Huu nao ni uchaguzi, na kwa familia nyingi unauma kuliko ule wa jina la chanjo, kwa sababu ni wa pesa. Kuanza miezi 2 kwa Menveo ni dozi nne. Kuanza miezi 7 ni mbili. Kungoja miaka 2 ni mbili pia. Anayengoja hadi miezi 7 huokoa dozi mbili, lakini huacha dirisha wazi katika mwaka wa kwanza, umri ambao ugonjwa huu hupiga zaidi. Anayengoja miaka 2 haokoi kitu chochote kumzidi wa miezi 7, ila ameacha dirisha wazi mwaka mzima na zaidi. Ndiyo maana kauli ya "akikua kidogo" siipendi kwa watoto hawa.

Kwa selimundu miezi 7 inavumilika zaidi kuliko kwa komplementi. Mtoto wa selimundu huzaliwa na himoglobini ya uchanga inayomlinda miezi ya mwanzo, na kwa kawaida anakuwa ameshaanzishiwa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku kabla ya miezi 3, hadi miaka 5. Penisilini hiyo inalengwa hasa kwa nimokoka, adui wake nambari moja, lakini meningokoka naye mara nyingi huisikia. Mtoto wa komplementi hana ngao ya aina hiyo ya kuzaliwa nayo. Kwake kila mwezi una hesabu.

Kwa hali yako

*Selimundu, chini ya mwaka, pesa za kubana.* PCV zote kwanza, penisilini kila siku, chandarua. Kisha ACWY inayoruhusiwa kwa wachanga, miezi 2 ukiweza, miezi 7 usipoweza. MenB ifuate kama ikipatikana. Yule mama tulimpangia miezi 7, na tarehe ya dozi ya pili imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kadi, si ndani.

*Bandama itaondolewa au imeondolewa.* Kama upasuaji umepangwa, sindano ziwe wiki 2 au zaidi kabla. Kama ilikuwa dharura, subiri wiki 2 baada yake. ACWY mbili, na MenB ukiipata.

*Komplementi, au mtoto kaugua ugonjwa huu zaidi ya mara moja.* Zote mbili, ACWY na MenB, mapema kadiri umri unavyoruhusu, na nyongeza za maisha. Dai kipimo cha komplementi kama hakijafanyika, na wadogo zake wapimwe, maana upungufu huu hurithiwa. Wanaotumia ekulizumabu, dawa inayozima C5, wachomwe wiki 2 kabla ya dozi ya kwanza, na hata wakishachomwa madaktari wengi huwaongezea antibayotiki, kwa kuwa chanjo peke yake haiwatoshi.

*VVU.* ACWY, dozi mbili, usiishie ya kwanza. Mwitikio ni bora dawa zikiwa zimeshaishika CD4 (hesabu ya seli za kinga), lakini mwulize daktari kabla ya kuahirisha kwa sababu hiyo. Pesa yako ya ziada, kama ipo, iende kwenye chanjo za nimokoka kabla ya MenB.

*Asiyetengeneza kingamwili, anayewekewa imunoglobulini.* Sindano inaweza isimzalie matunda. Imunoglobulini yenyewe hubeba kingamwili za wachangiaji, na haizuii chanjo zisizo hai. Hapa wachomeni walio karibu naye: kaka, dada, dada wa kazi, wazazi.

*Tiba ya saratani au kupandikizwa uboho.* Chanjo za katikati ya tiba hazishiki vizuri, na zile za zamani huweza kufutika. Ratiba ya kurudia baada ya tiba ipange na daktari wa saratani, yeye ndiye anayejua damu imefika wapi.

*Turkana, kaskazini mwa Uganda, au kampeni ikipita kwenu.* Ikija Men5CV, mpeleke. Mwonyeshe mchanjaji kadi, na baada ya kampeni mpigie daktari kuhusu dozi nyingine.

*Umra na mtoto.* ACWY ya protini, siku 10 kabla ndiyo kikomo cha serikali ya Saudi, lakini mwenye kinga dhaifu anahitaji mbili zinazopishana wiki 8 au zaidi (miezi 3 kama yuko chini ya miaka 2), hivyo anza kujipanga miezi 3 au 4 kabla ya tiketi.

*Mnaishi Uingereza.* MenB ataipata kwa ratiba. Cha kuulizia kwa GP, daktari wenu wa familia, ni ACWY ya mapema, ambayo mtoto mwenye afya hapewi mpaka ujanani. Mwambie wazi kwamba bandama haifanyi kazi, usingoje aione kwenye faili.

*Na kwa wote, aliyechomwa na asiyechomwa:* homa kali, shingo ngumu, utosi kuvimba, mtoto kulegea au kulia anapobebwa, mikono na miguu ya baridi huku mwili unaunguza. Vipele vya zambarau visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi havionekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa la mdomo. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi, kimbilia hospitali, na useme neno "selimundu" au "hana bandama" pale mapokezini kabla hujaulizwa jina la mtoto.